Jambo Lile Lile, Jicho Jingine: Vidokezo Kumi vya Maisha ya Kila Siku

Nyama ya kusaga yenye mnofu asilimia 75 ndiyo hiyo hiyo yenye mafuta asilimia 25. Hesabu hiyo haina ubishi. Lakini mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Irwin Levin na Gary Gaeth, walipowaeleza watu nyama moja kwa namna hizo mbili, walioambiwa habari za mnofu waliiona nzuri kuliko walioambiwa habari za mafuta. Kisha kikatokea kitu ninachokipenda kuliko vyote katika utafiti ule: watu walipoionja nyama yenyewe, tofauti ilipungua.

Hapo pana mambo mawili ya kushika. Maneno tunayopewa, au tunayojipa wenyewe, huamua ni upande gani wa jambo tutauona kwanza. Na nguvu ya maneno hayo hupungua tukilisogelea jambo lenyewe na kulionja. Kwa hiyo baadhi ya vidokezo hivi ni vya kukukinga na mitazamo unayouziwa na watu, na vingine ni vya kukusaidia kujichagulia mtazamo utakaokufaa. Hakuna hata kimoja kinachokuomba ujidanganye kwamba hali ni nzuri wakati si nzuri.

1. Ukipewa namba, igeuze

Daktari anakwambia kwamba kati ya watu 100 wanaofanyiwa upasuaji huu, 90 huvuka salama. Unashusha pumzi. Angekwambia kwamba kati ya watu 100, 10 hufariki, ungeomba muda ukaongee na ndugu kwanza. Habari ni moja, lakini ya kwanza imekufikisha kwenye kusaini na ya pili imekutoa nje ya mlango.

Hili limepimwa. Mwaka 1982 Barbara McNeil na wenzake walichapisha utafiti kuhusu saratani ya mapafu, ambamo watu waliulizwa wangechagua upasuaji au mionzi. Upasuaji ulipoelezwa kwa idadi ya wanaoishi ulivutia wengi zaidi kuliko ulipoelezwa kwa idadi ya wanaokufa. Na walioulizwa hawakuwa wagonjwa peke yao. Walikuwamo madaktari, nao waliyumba vile vile, ingawa hesabu hizo ndizo kazi yao.

Basi ukiwa hospitali na mgonjwa wako, usione haya kusema, "Daktari, naomba unieleze na upande wa pili." Si kwamba anakuficha kitu. Ni kwamba uamuzi mkubwa unastahili kutazamwa kwa macho yote mawili. Andika namba zote mbili kwenye karatasi, ziweke sambamba, halafu ndipo uongee na ndugu.

Mkulima naye afanye hivyo. Pakiti ya mbegu inayosema uotaji ni asilimia 85 inasema pia kwamba katika kila mbegu 100, 15 hazitaota. Anayeisoma kwa upande huo atajua mapema kama aweke mbegu mbili kila shimo, badala ya kurudi shambani baada ya wiki mbili na kulaumu mvua.

2. Bei ya siku, izidishe kwa mwaka

"Simu hii unalipia shilingi 1,500 tu kwa siku." Neno la kuchunga hapo ni "kwa siku". Ukisikia 1,500, akili inakwenda moja kwa moja kwenye vitu vya 1,500: vocha, soda, nauli ya kwenda na kurudi. Unaona ni hela inayopotea mfukoni bila kujua imekwenda wapi. Lakini 1,500 mara siku 365 ni 547,500. Weka na kianzio, tuseme 60,000, inakuwa 607,500. Sasa uliza bei ya simu hiyo hiyo kwa fedha taslimu. Huenda bado ukaamua kukopa, kwa sababu taslimu huna na simu ndiyo inayokuletea wateja. Sawa kabisa. Umeamua ukiwa umeiona bei yote.

John Gourville aliandika juu ya mbinu hii mwaka 1998, na wafanyabiashara walikuwa wakiitumia zamani kabla yake. Kinachonifurahisha ni kwamba inaweza kugeuzwa ikukinge wewe. Kenya ilipoanzisha mpango wa akiba ya uzeeni kwa watu wa jua kali, yaani sekta isiyo rasmi, mwaka 2011, uliitwa Mbao, yaani shilingi 20 za Kenya, kwa kuwa ndicho kiasi mtu alichotakiwa kuweka kwa siku. Fundi wa bati akiambiwa aanze kuweka maelfu kwa ajili ya uzee atacheka na kuendelea na nyundo yake. Shilingi 20 anaweza kuitoa hata siku ambayo kazi imelala.

Kanuni yangu: ukiwa unatumia, zidisha. Ukiwa unaweka, gawanya.

3. Ipe hela jina

Hela isiyo na jina huliwa na wa kwanza kuomba. Iliyopewa jina hujitetea.

Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walionyesha hili magharibi mwa Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Watu walipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli na ufunguo, wakaambiwa waandike gharama ya afya wanayowekea. Ufunguo ulikuwa mkononi mwao, wangeweza kufungua wakati wowote. Hata hivyo waliweza kutumia zaidi kwa mahitaji ya kinga ya afya kuliko waliokosa kisanduku. Sababu mojawapo ni nyepesi kuielewa kwa yeyote mwenye ndugu: ukiombwa, ni rahisi kusema "hii ni ya chandarua" kuliko kusema "sina".

Utafiti mwingine wa Kenya uliwapa wachangiaji wa akiba sarafu ya rangi ya dhahabu yenye namba za wiki. Wiki uliyoweka unaikwaruza namna moja, wiki uliyoshindwa unaikwaruza namna nyingine. Waliokuwa na sarafu hiyo nyumbani waliweka akiba zaidi kuliko waliotumiwa ujumbe wa simu wa kukumbushwa. Akiba ilikuwa imepata sura, na kila aliyeingia ndani aliiona.

Kwa hiyo chukua kalamu ya wino mzito, uandike ubavuni mwa kibubu: ADA YA NEEMA, JANUARI. Si "akiba". Jina la mtoto na mwezi wa kulipa.

4. Anayengoja anataka saa na sababu

Nenda kwa fundi cherehani. "Fundi, vipi gauni langu?" "Dada, njoo jioni." Jioni unaambiwa limebaki kupigwa pasi tu, njoo asubuhi. Asubuhi unakuta kitambaa chako bado kimekunjwa ndani ya mfuko, hakijapitiwa hata chaki. Wengi wetu tunadhani tumekasirishwa na siku mbili tatu zilizopotea. Hapana. Fundi yule angesema siku ya kwanza, "Dada, nina sare 12 za harusi mbele yako, lako ni Jumamosi saa kumi," ungeondoka na amani, ingawa Jumamosi ni mbali zaidi.

Mwaka 1985 David Maister aliandika makala kuhusu saikolojia ya foleni, na hadi leo wanaopanga huduma huirudia. Alisema muda usio na shughuli huonekana mrefu kuliko wenye shughuli. Kungoja bila kujua hadi lini ni kurefu kuliko kungoja kwenye saa inayojulikana. Kungoja bila kuelezwa sababu ni kurefu zaidi. Kungoja kusiko na haki ni kurefu kuliko kungoja kwenye haki, na kungoja peke yako ni kurefu kuliko kungoja na wenzako. Yeyote aliyewahi kukwama kwenye pantoni atakubali kila neno.

Kama wewe ndiye unayengojwa, kazi yako ni nyepesi na haihitaji bajeti. Sema muda, na usiupunguze ili kumfurahisha mtu. Sema sababu. Kliniki ya mama na mtoto inayogawa vipande vya karatasi vyenye namba zilizoandikwa kwa kalamu haijaongeza muuguzi hata mmoja, lakini mama mwenye namba 31 anajua anaweza kwenda kumnunulia mtoto uji bila kupoteza nafasi yake. Benchi linatulia. Watu wanaanza kuzungumza badala ya kuchungulia mlango.

Na kama wewe ndiye unayengoja, acha kuuliza "bado?" Swali hilo lina jibu moja tu, na jibu hilo halikusaidii. Uliza "ni hadi saa ngapi?" na "tunangoja nini?" Ukipata saa, muda uliobaki ni wako. Mpigie shangazi ambaye hujamsalimia tangu Idi, panga hesabu za wiki, soma.

Ila ukiona mtu anapitishwa mlango wa nyuma, usijilazimishe kutulia. Hapo hasira yako inakuonyesha jambo la kweli. Sema kwa adabu, na useme kwa sauti ya kusikika.

5. Fedha na shaba: chunga unatazama upande gani

Kwenye jukwaa la washindi, aliye wa pili amemshinda wa tatu. Kwa hesabu, angepaswa kufurahi zaidi. Victoria Medvec, Scott Madey na Thomas Gilovich walichapisha mwaka 1995 utafiti uliotumia picha za video za Olimpiki ya Barcelona ya 1992. Watu walizitazama nyuso za wanamichezo na kukadiria furaha yao. Wenye shaba walionekana kuwa na furaha kuliko wenye fedha. Maelezo ya watafiti yanaingia akilini mara moja: wa pili anatazama juu, anaona dhahabu iliyomponyoka. Wa tatu anatazama chini, anaona kwamba angeweza kuondoka mikono mitupu.

Sisi Watanzania tuna sababu ya kulitafakari hili, maana medali zetu mbili za Olimpiki zote ni za fedha, na zote ni za Moscow 1980: Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Mbio za Bayi zinaweza kusimuliwa kwa namna mbili na zote ni kweli. Moja: aliongoza kwa mbali, akakamatwa katika mzunguko wa mwisho na Bronisław Malinowski wa Poland. Nyingine: mtu aliyejijengea jina duniani kwa mita 1,500 aliingia kwenye mbio za viunzi na akaipa nchi yake medali ya kwanza ya Olimpiki. Kijana anayesimuliwa ya kwanza peke yake anajifunza kuhuzunika. Anayesimuliwa zote mbili anajifunza kukimbia.

Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, na kilichowatenganisha ni sekunde 0.03. Baada ya zaidi ya kilomita 42! Ukiwa nyumbani umeshangilia mpaka koo likakauka, sawa, nami nilishangilia. Lakini mfikirie na yule wa pili, usiku ule, akiurudia mstari wa mwisho kichwani. Alichokosa ni kidogo mno, na udogo huo ndio unaouma.

Patrick Sang wa Kenya alikuwa wa pili kule Barcelona katika mbio za viunzi na maji, kati ya Wakenya wenzake wawili, Matthew Birir mwenye dhahabu na William Mutwol mwenye shaba. Baadaye akawa kocha wa Eliud Kipchoge. Siujui moyo wake wa siku ile, wala sitamsemea. Ninachokijua ni kwamba nafasi ya pili haikuwa mwisho wa safari.

Sasa tuje nyumbani. Matokeo ya kidato cha nne yametoka, mtoto anasimama mlangoni na kusema, "Mama, nimepata daraja la pili." Swali lako la kwanza litakaa naye muda mrefu. Ukiuliza pointi ngapi zimemnyima daraja la kwanza, umempandisha kwenye jukwaa la fedha. Ukiuliza ni somo gani limemvusha mpaka hapo, umempa la kusimulia, na habari ya hisabati iliyomwangusha ataileta mwenyewe kabla chai haijapoa. Kutazama juu kuna faida yake, ndiko kunakomwonyesha mtu pa kurekebisha. Ila kuna zamu yake, na si siku ya matokeo.

6. Moyo ukienda mbio, usiuambie utulie

Kabla ya usaili wa kazi, kabla ya kusimama kwenye harusi kutoa neno la familia, kila mtu atakwambia "tulia". Mwili hausikii amri hiyo. Mapigo yamepanda, viganja vimelowa, na kuyashusha yote hayo ndani ya dakika mbili ni kazi ngumu.

Alison Wood Brooks alijaribu njia nyingine, akachapisha mwaka 2014. Watu waliotakiwa kuhutubia mbele ya wengine na wakajiambia kwamba wana hamu walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Woga na hamu vinafanana sana mwilini, moyo unakwenda kasi katika vyote viwili. Kutoka woga kwenda hamu ni hatua fupi. Kutoka woga kwenda utulivu ni safari.

Kwa hiyo sema kwa sauti, hata kama uko chooni peke yako: "Nina hamu ya kuingia mle ndani." Kisha uingie.

7. Mganga hajigangi, basi jifanye mgeni

Rafiki akikuletea ugomvi wake na mkwewe, unauona wote, mwanzo na mwisho, na unajua la kumshauri. Ugomvi kama huo ukiwa wako, huoni hata pa kuanzia. Igor Grossmann na Ethan Kross walilithibitisha mwaka 2014: watu walitoa ushauri wenye busara zaidi kwa tatizo la rafiki kuliko kwa tatizo lao wenyewe, lakini walipoelekezwa kujitazama kwa mbali, kama wanamtazama mtu mwingine, busara ilirudi.

Namna ya kufanya ni kujiita kwa jina. Usiseme "kwa nini wananifanyia hivi?" Kama unaitwa Zuhura, sema, "Zuhura, ni kitu gani hasa kimekuudhi hapa?" Inasikika ya ajabu mara ya kwanza, lakini bibi zetu walijisemesha hivyo jikoni kila siku.

Mahali pa kuijaribu ni kundi la WhatsApp la ukoo. Usiku saa nne mtu ameandika, "Harusi ni wiki ijayo na kuna watu hawajachangia hata senti." Hakutaja jina, ila unajua ni wewe. Umeshaandika majibu ya mistari sita, yenye habari za msiba wa 2019 na nani hakuonekana. Kabla hujatuma, fikiria Zuhura huyo ni rafiki aliyekuletea simu akuulize atume au asitume. Ungemwambia afute, ampigie mwenyekiti wa kamati asubuhi na kumweleza kwamba mshahara unatoka tarehe 28. Basi fanya hivyo hivyo.

8. Ihesabu kazi unayoifanya tayari

Alia Crum na Ellen Langer, mwaka 2007, walichapisha utafiti wa wanawake 84 wanaosafisha vyumba katika hoteli saba za Marekani. Kundi moja lilielezwa kwamba kutandika vitanda, kusugua mabafu na kusukuma mashine za vumbi ni mazoezi halisi yanayotimiza kiwango cha wataalamu wa afya. Kundi la pili halikuambiwa. Baada ya wiki nne, wale walioambiwa walikuwa wamepungua uzito kidogo na shinikizo lao la damu limeshuka, ingawa wenyewe walisema hawakubadili chochote.

Nauchukua utafiti huu kwa tahadhari. Walioshiriki ni wachache, na habari za mazoezi yao zilitoka midomoni mwao wenyewe. Huenda walianza kusugua kwa nguvu zaidi bila kujitambua. Lakini kuna sehemu yake ambayo mtu anaweza kuitumia kesho. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Wengi tukisikia hivyo tunajilaumu kwamba hatuna hela ya jimu. Chukua wiki moja uandike: kutembea mpaka kituoni, ndoo za maji, kufua kwa mkono, kupalilia. Utakuta dakika zimejaa, au zimebaki chache, nawe unajua ni ngapi.

Kwa mwajiri nina neno jingine. Usimwambie dada wa kazi kwamba ndoo anazopandisha ghorofani ni mazoezi mazuri kwake huku mshahara wake umechelewa mwezi mzima. Mtazamo ambao mtu amejichagulia unamsaidia. Huohuo ukiletwa na anayemdai kazi, ni njia ya kumnyamazisha. Mlipe kwanza.

9. Utunze mwisho

Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba watu wazamishe mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine walizamisha sekunde 60 hizo hizo, kisha wakaongezewa 30 huku maji yakipashwa kidogo mpaka nyuzi 15. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, wengi walichagua lile refu. Walikuwa wamechagua maumivu mengi zaidi, kwa sababu mwisho wake ulikuwa na nafuu. Kumbukumbu haipimi urefu wa jambo. Inashika pale palipouma sana, na namna lilivyoisha.

Watu wa pwani hawakungoja maabara kulijua hili. Mgeni hasindikizwi mpaka mlangoni tu. Anasindikizwa mpaka njia panda, na huko ndiko maongezi matamu yanakoanzia. Hata kama wali ulichelewa na umeme ulikatika, anachokwenda nacho ni zile hatua za mwisho na "wasalimie nyumbani". Ukikaribisha watu, usichoke kabla ya hapo.

Fanya hivyo na mambo magumu pia. Kama una la kumkanya mwanao, lianze mapema, lisemwe likaishe, halafu mkae muda mwingine pamoja mkichambua mchele au mkiangalia mpira. Mwalimu aliyefundisha mada ngumu atenge dakika tano za mwisho kwa swali ambalo darasa zima linaliweza. Na usiku, simu yenye habari za ajali na matusi ya siasa isiwe kitu cha mwisho unachokitazama.

10. Tatizo la nauli litatuliwe kwa nauli

Hiki nimekiweka mwisho kwa sababu bila hiki vingine vyote vinaweza kuwa ukatili. Kuna mambo ambayo si ya kutazamwa upya. Aliyefiwa jana hahitaji kuambiwa kwamba afadhali yeye, kuna waliofiwa na watatu. Anayenyanyaswa ndani ya nyumba hahitaji kidokezo namba saba. Mtaa ambao bomba limepasuka wiki ya tatu unahitaji fundi wa maji, na mkutano na mwenyekiti wa mtaa.

Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, alimpoteza mgonjwa wake kijana, aliyejiua. Mama wa binti alimweleza kwamba walishindwa kurudi hospitali kwa sababu walikosa nauli ya dola 15. Kwa hiyo Chibanda akaipeleka huduma walipo watu. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare jijini Harare, alianza na mabibi 14 wa mtaani, akawafundisha, wakakaa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Mwaka 2016 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA matokeo ya utafiti uliofanywa katika zahanati za Harare, ukiwa na washiriki 573. Waliozungumza na mabibi walikuwa na dalili chache za msongo na huzuni baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Huduma hiyo ya mabenchi ilifika mpaka Zanzibar.

Angalia bibi anavyoifanya kazi hiyo. Haanzi kwa kumgeuzia mtu mtazamo. Anamwacha aseme yote: kodi ya nyumba, mume, mtoto anayeumwa, dawa za virusi vya UKIMWI. Wanayaorodhesha. Kisha anamwomba achague moja, moja tu, ambalo wataanza nalo, na wanatafuta pamoja hatua iliyo ndani ya uwezo wake. Jicho linabadilika hapo, lakini linabadilika kwa sababu rundo limegeuka kuwa jambo moja lenye mahali pa kulishika. Ukitaka kumsaidia jirani, fuata utaratibu huo huo: sikiliza mpaka amalize, muulize lipi linawezekana wiki hii, na kama jibu ni nauli, toa nauli kama unayo, halafu mkubaliane siku ya kuonana tena.